Kurudia kemia kwa msaada wa mtandao: anzia kwenye karatasi ya mtihani wako

Ukimwomba Google akutafutie masomo ya kemia, utaletewa kurasa nyingi kuliko utakazomaliza kusoma kabla ya siku ya mtihani. Vya bure vimejaa. Kinachowaangusha wengi ni kwamba kila ukurasa uliandikwa kwa ajili ya mtihani fulani, na mara nyingi si huo unaokukabili wewe. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua mtihani wako unataka nini, ndipo uende mtandaoni kuchukua kile tu unachokihitaji.

Hapa tunamlenga zaidi mtahiniwa wa kidato cha nne Tanzania. Wa kidato cha sita na wa mwaka wa kwanza chuo kikuu tutawagusa pale mambo yanapotofautiana. Anayejiandaa kwa KCSE ya Kenya atafuata njia hii hii, ila karatasi zake ni 233/1, 233/2 na 233/3.

Pakua vitu vitatu kabla ya kufungua video yoyote

Cha kwanza ni fomati ya mtihani. Ipo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, necta.go.tz. Inaeleza karatasi ina sehemu ngapi, kila sehemu ina alama ngapi na mada zinagawanywaje. Angalia fomati hiyo ni ya mwaka gani, kwa sababu mitaala imekuwa ikibadilika na fomati ya zamani inaweza kukupotezea mwezi mzima.

Cha pili ni mitihani ya miaka iliyopita. Kemia ya kidato cha nne ina namba 032: 032/1 ni nadharia na 032/2 ni vitendo. Ya kidato cha sita ni 132. Mahali pazuri pa kuipata bila malipo ni maktaba.tetea.org, ambako imepangwa kwa somo na kwa mwaka. Chukua ya miaka mitano hadi saba. Ukichukua ya miaka ishirini utaishia kuwa na faili nyingi ambazo hukuzifanya.

Cha tatu ndicho wengi hawakijui, nacho kina thamani kuliko madesa yote yanayouzwa mitaani: ripoti ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, inayofahamika kwa herufi CIRA. Baraza hulichambua kila swali, likaonyesha watahiniwa wangapi walipata alama za chini, za kati na za juu, kisha likaeleza waliokosa walikosea wapi. Ndani yake mna picha za majibu halisi yaliyoandikwa kwa mkono, zuri na baya. Ili kuipata haraka, andika kwenye kitafutio: site:necta.go.tz CIRA chemistry, ukifuatisha mwaka unaoutaka. Maneno "site:" yanakiamuru kitafutio kisitoke nje ya tovuti hiyo.

Ripoti hii usiisome kama gazeti. Fungua swali kwenye karatasi ya mwaka huo, lijibu mwenyewe kwenye daftari, ndipo ufungue ripoti uone jibu lako limekaa upande wa picha gani. Ukifanya hivyo kwa karatasi mbili tu, utakuwa tayari na orodha ya mapengo yako yaliyothibitishwa, si yale unayoyahisi.

Namba za ukurasa wa kwanza

Juu ya karatasi za kemia za Tanzania kuna mstari ambao wengi huuruka. Humo mna masi za atomu (H = 1, C = 12, O = 16, Cl = 35.5 na nyinginezo), namba ya Avogadro 6.02 × 10²³, ujazo wa mole moja ya gesi kwenye s.t.p. (joto na kanieneo sanifu) ambao ni 22.4 dm³, na Faraday moja ambayo ni coulomb 96,500. Nakili mstari huo kwenye karatasi ngumu, ubandike ukutani mbele ya meza yako. Kila unachokisoma mtandaoni kipimwe kwa mstari huo.

Sababu ni hii. Chukua swali la kawaida: gramu 2.5 za kalsiamu kaboneti zimewekwa kwenye asidi hidrokloriki ya ziada. Tafuta ujazo wa kaboni dayoksaidi.

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Mole moja ya CaCO₃ ni gramu 100, kwa hiyo una mole 0.025, na CO₂ itakuwa mole 0.025. Hapo kila mtu duniani anakubaliana. Sasa zidisha. Kwa 22.4 unapata 0.56 dm³. Tovuti za Uingereza hupendelea joto la chumba na kutumia 24 dm³, hivyo jibu lao ni 0.60. Baadhi ya tovuti za Marekani hufuata kanieneo sanifu la kilopaskali 100, lililopendekezwa na IUPAC, muungano wa kimataifa wa kemia, mwaka 1982, ambapo mole moja ni lita 22.7, na jibu ni karibu 0.57. Majibu matatu, na yote ni sahihi kwa wenyewe. Mwanafunzi asiyelijua hili hutumia saa nzima akitafuta kosa ambalo halipo, au kibaya zaidi, anaingia chumba cha mtihani na 24 kichwani.

Tofauti nyingine za aina hiyo ni hizi. Ptable.com na majedwali mengi ya kisasa huhesabu makundi ya elementi kutoka 1 hadi 18, wakati vitabu vyetu vingi vinatumia I hadi VIII. Alumini ya kundi la 13 ndiyo ya kundi la III, na klorini ya 17 ndiyo ya VII. Majedwali hayo pia hutoa shaba kama 63.546 na chuma 55.845, wewe tumia 63.5 na 56 kama karatasi inavyokupa. Lita ya Wamarekani ni dm³ yetu. Wao huandika "sulfur" na "aluminum". Fuata tahajia ya karatasi yako. Vitabu vya zamani vinaweza kukupa nishati kwa kilokalori: zidisha kwa 4.184 upate kilojuli.

Kuna mtego mmoja mkubwa kuliko yote hayo, nao ni wa anodi na kathodi. Masomo mengi ya mwaka wa kwanza ya Marekani huanza na seli inayozalisha umeme, ambamo kathodi ni chanya. Kidato cha nne huanza na elektrolisisi, ambamo kathodi ni hasi. Ukitazama video ya seli ya kwanza ukidhani ni ya pili, utatoka umechanganyikiwa zaidi ya ulivyoingia. Shikilia jambo moja lisilobadilika: kwenye kathodi ndiko elektroni hupokelewa, katika seli zote mbili.

Kosa lako ndilo neno la kutafutia

Mwanafunzi akisema "sielewi elektrolisisi" na kuandika neno hilo kwenye YouTube, ataletewa somo la dakika arobaini, thelathini na tano kati yake akiwa tayari anazijua. Tafuta kwa kosa, si kwa jina la mada.

Jaribu hili: mkondo wa ampea 2 umepitishwa kwenye mmumunyo wa shaba(II) salfeti kwa dakika 16 na sekunde 5. Ni masi gani ya shaba itakayojikusanya kwenye kathodi? Muda ni sekunde 965. Chaji ni 2 × 965 = coulomb 1,930. Gawanya kwa 96,500 upate Faraday 0.02. Ioni ya shaba inapokea elektroni mbili, Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu, hivyo mole za shaba ni 0.01, na masi ni gramu 0.635.

Ukipata 1.27, huna tatizo na sheria za Faraday hata kidogo. Umesahau kugawanya kwa mbili. Pengo lako ni nusu-milinganyo, basi katafute "half equations". Ukipata kama gramu 0.01, hukubadili dakika kuwa sekunde, na hilo halihitaji video yoyote, linahitaji tabia ya kuandika vipimo kwenye kila mstari. Ukishindwa hata kuanza, hapo ndipo ufungue somo zima.

Majina ya mada nayo hutofautiana, na ukitafuta kwa jina letu unaweza kukosa masomo bora ya nje. Tunachokiita "mole concept" hupatikana zaidi chini ya "stoichiometry". "Volumetric analysis" kwao ni "titration" tu. Kwa kidato cha sita, "chemical energetics" iko chini ya "thermochemistry".

Wapi pa kwenda kwa pengo gani

Kwa kitabu cha kiada chenyewe, nenda maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Unajisajili na kusoma bure. Hakuna kinachokaribia mtihani wako kuliko hicho, hata kama maelezo yake wakati mwingine ni mafupi. Shule Direct nao wana nukuu za kidato cha kwanza hadi cha nne zilizopangwa kwa mada.

Ukishaona maelezo ya kitabu hayajakutosha, toka nje kidogo. Kwa kidato cha nne, BBC Bitesize katika ngazi ya GCSE (mtihani wa sekondari wa Uingereza) inaeleza kwa sentensi fupi na michoro safi: muundo wa atomu, vifungo, asidi na besi, kasi ya mmenyuko. Kwa kidato cha sita, chemguide.co.uk ya Jim Clark ndiyo tunayoiweka mbele ya zote. Haina mapambo. Ni maandishi yenye picha chache, inafunguka hata kwa mtandao dhaifu, na mwandishi anakwambia waziwazi maelezo gani ni ya kurahisisha tu na ukweli wake ni mpana zaidi. Mada za msawazo wa kemikali, kemia ya ogania na metali za mpito zimeelezwa humo kwa uvumilivu mkubwa.

Aliyeko chuo kikuu apakue kitabu cha OpenStax kiitwacho Chemistry 2e. Ni bure kabisa, kina sura 21, na majibu ya maswali yenye namba witiri yapo mwishoni, ndiyo maana ufanye hayo kwanza. Sura ya 3 na ya 4 zinamfaa hata wa kidato cha nne anayehangaika na mole. LibreTexts, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Davis, ni pana zaidi, ila upana huo unaweza kukupoteza. Iingie ukiwa na swali moja mkononi na utoke ukishajibiwa.

Kwa video, Tyler DeWitt hufundisha taratibu na kurudia hatua, anamfaa anayeanza upya. The Organic Chemistry Tutor ana maswali mengi yaliyokokotolewa mstari kwa mstari. Khan Academy ni nzuri kwa dhana, na ina mazoezi. Pia wapo walimu wengi wa Tanzania wanaofundisha kwa Kiswahili YouTube, na kuwasikiliza hao si aibu: elewa dhana kwa lugha unayoota nayo, kisha siku hiyo hiyo andika maelezo yako mwenyewe kwa Kiingereza, sentensi tatu au nne, maana mtihani utaujibu kwa Kiingereza. Anayeishia kwenye hatua ya kwanza anajua jibu na anakosa maneno ya kulisema. Ripoti za watahiniwa zinaonyesha jinsi lugha dhaifu inavyowagharimu watu alama.

Kanuni moja kwa video zote: simamisha mwalimu anapomaliza kusoma swali. Lifanye mwenyewe hadi mwisho. Kisha endelea. Kumtazama mtu akikokotoa kunakupa hisia ya kuelewa ambayo huyeyuka ukishika kalamu.

Vitendo bila maabara

Shule nyingi hazina kemikali za kutosha, na hapa mtandao unasaidia sehemu, si yote. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ina majaribio ya kuigiza kwenye skrini: kusawazisha milinganyo, kujenga atomu, kipimo cha pH, ukolezi wa mmumunyo, tabia za gesi. Baadhi yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Lile la kusawazisha milinganyo lina mizani inayoonyesha upande gani una atomu nyingi. Anayebadilisha namba ndogo ndani ya fomula badala ya namba ya mbele ataacha kosa hilo ndani ya nusu saa, maana programu haimruhusu kabisa. Royal Society of Chemistry nao wana zoezi la titresheni la kwenye skrini.

Lakini skrini haikufundishi kuandika matokeo, na alama nyingi zimekaa hapo. Tuseme umepata 25.60 kwa jaribio la awali, kisha 24.90, 25.00 na 24.95. La awali haliingii kwenye wastani. Wastani ni 24.95 cm³, ukiliingiza utapata 25.11 na kosa hilo litafuata hadi mstari wa mwisho. Andika desimali mbili kila mahali, 25.00 na si 25. Ikiwa kwenye pipeti ulikuwa na 25 cm³ za sodiamu kaboneti ya 0.05 M, na bureti ina asidi hidrokloriki, uwiano ni asidi mbili kwa kaboneti moja, hivyo ukolezi wa asidi ni (2 × 0.05 × 25) ÷ 24.95, karibu 0.100 M. Aliyesahau mbili anapata 0.050.

Angalia pia kiashiria kinachotumika kwenye video unayotazama. Nyingi zinatumia asidi hidrokloriki, sodiamu haidroksaidi na finolftalini. Kwa sodiamu kaboneti, finolftalini hupoteza rangi nusu ya njia, karibu 12.5 cm³ kwa mfano huu, kwa sababu wakati huo kaboneti imegeuka haidrojenikaboneti tu. Ndiyo maana tunatumia methili ya machungwa.

Kwa utambuzi wa ioni, tengeneza jedwali lako kwa mkono badala ya kupakua la mtu. Zinki hutoa mashapo meupe yanayoyeyuka kwenye sodiamu haidroksaidi ya ziada na kwenye amonia ya ziada pia. Alumini na risasi hutoa mashapo meupe yanayoyeyuka kwenye haidroksaidi ya ziada lakini si kwenye amonia. Kuzitenganisha, tone la potasiamu ayodaidi, na risasi itageuka njano. Shaba hutoa mashapo ya buluu hafifu yasiyoyeyuka kwenye haidroksaidi ya ziada, lakini kwenye amonia ya ziada yanakuwa mmumunyo wa buluu iliyoiva. Mistari hii ni kipimo kizuri cha tovuti: ukurasa unaodai mashapo ya alumini huyeyuka kwenye amonia ya ziada, ufunge na usiurudie.

Programu za akili bandia

Zinasaidia, ila usizitumie kukupa majibu. Zinaweza kukosea hesabu kwa sauti ya uhakika, na usipozipa namba za karatasi yako zitachukua za Marekani au Uingereza. Fanya hivi: kokotoa swali mwenyewe, bandika hatua zako zote pamoja na namba za ukurasa wa kwanza, kisha andika, "Nionyeshe mstari wa kwanza wenye kosa na unieleze kwa nini, usinipe jibu la mwisho." Ikishajibu, ihakiki kwa vitu viwili visivyodanganya: atomu zilingane pande zote za mlinganyo, na vipimo vikatane hadi kibaki kile kinachoulizwa. Usiiombe ikutungie "swali la NECTA la mwaka fulani", maana inaweza kulibuni.

Bando

Maandishi hayali bando. Video ndiyo inayokula. Weka video kwenye 360p, maandishi ya ubaoni bado husomeka, na kwa maelezo ya mdomo hata 240p inatosha. Majaribio ya PhET ya aina ya HTML5 hupakuliwa kila moja kama faili moja na kufunguka kwenye kivinjari bila intaneti, hivyo yapakue siku ukiwa kwenye Wi-Fi ya shule au ya chuo. Programu ya Kiwix hukuwezesha kubeba Wikipedia na maudhui ya PhET kwenye simu au kompyuta bila mtandao. Angalia ukubwa wa faili kabla ya kuanza kupakua, baadhi ni kubwa mno kwa simu ya kawaida. Fomati, mitihani na ripoti zihifadhi kama PDF, zipewe majina yanayoeleweka, kwa mfano 032-1 na mwaka, ili usihangaike kuzitafuta usiku.

Vitu vya kuacha

Makundi ya WhatsApp na Telegram yanayouza "mtihani uliovuja" yaache kabisa. Mara nyingi ni karatasi za majaribio za mikoa zilizobadilishwa kichwa, pesa yako imeshakwenda, na ukikutwa na udanganyifu Baraza hufuta matokeo. Vilevile majibu ya pastipepa yanayosambazwa bila jina la mwalimu yasitumike kama msahafu. Chagua swali moja unalolijua kwa hakika, linganisha, na likikosewa hilo, acha faili zima.

Zikibaki wiki mbili, acha kutafuta vyanzo vipya. Simu iwe ya saa tu: weka muda wa saa tatu kwa karatasi ya kwanza, meza iwe na kikokotoo, kalamu na mstari wa namba za ukurasa wa kwanza, kisha sahihisha kwa ripoti ya mwaka huo. Kila kosa liandikwe kwa sentensi moja pamoja na namba ya swali. Baada ya siku tatu fanya maswali hayo upya bila kuangalia, na yale tu utakayoyakosa mara ya pili ndiyo yakurudishe mtandaoni.